Mashine Iliyokosa Taka

Nyumba ya Bwana Kemboi kule Milimani ilikuwa na kila kitu isipokuwa takataka. Viti vya ngozi vilikuwapo. Redio yenye miguu minne ilikuwapo. Hata piano ilikuwapo, ingawa hakuna aliyejua kuigusa ila paka. Lakini taka zilikuwa haba. Maganda ya viazi yalichukuliwa na mtu wa ng'ombe kabla hayajanyauka. Chupa zilikuwa na mnunuzi wake, aliyepita langoni kila Ijumaa akiimba "chuupa, chuupa." Magazeti yaliishia kwa muuza nyama, na mikebe ya mafuta ya Kimbo iliteremka mtaa wa Bondeni kwa mafundi wa mabati, ikarudi sokoni ikiwa koroboi. Kilichobaki kwa juma zima kingeenea kwenye kofia.

Katika nyumba hiyo, mwaka wa sabini na nne, Bwana Kemboi akaleta mashine ya kushindilia takataka.

Aliiona Amerika, alikokwenda miezi tisa kusomea mambo ya ushirika. Huko, alisema, kila nyumba ya maana inayo: kabati jeupe la chuma, kimo cha kiuno, lenye droo kubwa mbele. Unatupa taka ndani ya droo, unaifunga, unabonyeza kitufe, na bamba zito linashuka kwa skurubu mbili ndefu na kuzikandamiza, mpaka taka za wiki nzima zinakuwa tofali moja. Mashine ilikuja kwa meli mpaka Mombasa, kwa treni mpaka Nakuru, na kwa mkokoteni mpaka Milimani. Na kwa kuwa ilizoea umeme wa kwao, ilinunuliwa transfoma, sanduku zito lililokaa kando yake likinguruma kama mzee aliyenyimwa ugoro.

Mboni alipoelezwa kazi ya kabati lile, aliinama kujifanya anamfunga vizuri mtoto mgongoni, ili Madam, mke wa Bwana Kemboi, asimwone akicheka.

Huyu Mboni alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na miwili, mzaliwa wa Bondeni. Mumewe, Bashir, aliendesha trekta katika shamba moja huko Ndabibi na alirudi nyumbani kila mwisho wa mwezi akinuka dizeli na vumbi. Mboni alipika na kufua kwa Bwana Kemboi, na alikuja na binti yake Kuluthum, wa miezi kumi, aliyelala jikoni katika kreti ya machungwa iliyotandikwa leso. Ilipofika saa kumi na moja na nusu jioni, Mboni alimbeba mwanawe mgongoni, akateremka hadi shule moja karibu na reli, akakaa dawati la nyuma pamoja na makarani, mapolisi na wapishi, akisoma masomo ya jioni. Miaka mitatu alisoma hivyo, na miezi kumi ya mwisho akinyonyesha huku akinukuu. Sasa mtihani wa kidato cha pili ulikuwa umekaribia, siku tatu, Jumatatu hadi Jumatano, asubuhi na mchana.

Lakini palikuwa na jambo la barua. Mwalimu mkuu alikuwa ametoa amri kwamba kila mtahiniwa aliyeajiriwa alete barua ya mwajiri wake, yenye sahihi, kuonyesha ameachiliwa siku hizo tatu. Mwalimu mwenyewe hakuipenda amri hiyo. Ila mwaka uliotangulia mwenye hoteli mmoja aliingia katikati ya karatasi ya hesabu, akamtoa mpishi wake kwa kola ya shati, na maskini yule akaenda zake na kalamu ikiwa bado mkononi. Tangu hapo, bila barua hakuna kuingia.

Mboni aliiomba barua hiyo wiki tatu kabla. Madam alimjibu, "Tutaona." Na "tutaona" ya Madam haikuwa imewahi kuona kitu.

Madam jina lake lilikuwa Wangui. Alizaliwa Dundori, akakua akipalilia viazi kama wenzake, na katika hilo hapana aibu. Aibu ilianza alipopanda Milimani akasahau jembe linashikwa upande gani. Alikataa hata kuitwa kwa jina la binti yake aliyekuwa shule ya bweni. "Mama fulani ni wa sokoni," alisema. "Mimi niite Madam."

Basi siku ya tatu ya mashine, Madam alifungua droo, akachungulia, akakuta ganda moja la ndizi.

"Mboni! Mbona hakuna taka?"

"Hatujatupa kitu, Madam."

"Na kwa nini hatutupi? Watu wa maana wanatupa!"

Ikatoka amri. Mtu wa ng'ombe asipewe tena maganda. Mnunuzi wa chupa asifunguliwe lango. Magazeti, hata ya leo, yaingie kwenye droo. Mtunza bustani, aliyeibatiza mashine ile jina la Mmarekani, alisema hajawahi kuona mgeni mwenye njaa namna hiyo. Siku droo ilipojaa mara ya kwanza, Mboni alishuhudia mkebe mzima wa Kimbo, ambao kwao Bondeni ungekuwa taa ya mtu kusomea, ukibanwa mpaka ukawa kama chapati. Na wiki iliyofuata, taka zilipopungua tena, alitumwa kwa jirani kwenda kuziomba.

"Uliza kwa heshima," Madam alimwagiza. "Useme Madam anawasalimu."

Mpishi wa jirani alimtazama Mboni kama mtu aliyekuja kuazima homa.

Sasa, Jumatatu moja kabla ya ile Jumatatu ya mtihani, Bwana Kemboi aliingia jikoni jioni akiguguna mahindi ya kuchemsha. Alikula matatu, amesimama, akieleza jinsi vijana wa Amerika wanavyocheza mpira wa kikapu. Maelezo hayakumtosha. Akaivuta droo ya Mmarekani, akarudi nyuma hatua tano, akarusha gunzi la kwanza. Likaingia. La pili likaingia. La tatu alilirusha kwa kupitisha juu ya bega, mgongo ukiwa umegeuka, kisha akawahi kuinama kupokea makofi kabla hajaona lilikotua. Madam alipiga makofi. Mboni alikuwa akimfuta Kuluthum makamasi, naye hakuona kitu. Bwana Kemboi akaisukuma droo kwa goti, akaondoka akipiga mluzi.

Kesho yake asubuhi Mboni alibonyeza kitufe kama kawaida. Kimya. Akabonyeza tena. Transfoma ilinguruma peke yake pale kando, lakini Mmarekani hakujibu.

"Umeifanyia nini?" Madam alikuja na kanzu yake ya kulalia ikimfuata nyuma.

"Nimebonyeza tu, Madam."

"Umebonyeza tu! Hivyo vitabu vyako ndivyo vinakuzuzua. Mtu anabonyeza mashine huku akili iko kwa aljebra. Sasa sikiliza vizuri. Jumamosi saa kumi, wakubwa wa ushirika wanatoka Nairobi kuja hapa. Hawaji kunywa chai, chai wanayo kwao. Wanakuja kuona hii mashine. Isipofanya kazi, sahau Jumatatu. Barua hakuna!"

Mboni akasema, "Ndiyo, Madam." Alimtazama Kuluthum kwenye kreti, aliyekuwa akicheka na kijiko, akaona miaka mitatu ya dawati la nyuma imefungwa katika kabati moja jeupe.

Fundi akaitwa. Jina lake Shabir, mwenye kibanda cha redio na friji karibu na stesheni, na katika mji mzima yeye ndiye fundi pekee aliyefanya kazi amevaa tai. Mafundi wengine walikuwa na mafuta mikononi. Shabir alikuwa nayo kichwani. Mkoba wake wa ngozi ulibeba bisibisi tatu, mita moja yenye mshale, na kitambaa cha kufutia viatu. Aliibandika mashine sikio, kama daktari kwenye kifua cha mtoto, akafumba macho.

"Volti," alitamka.

"Volti imefanyaje, fundi?" Bwana Kemboi aliuliza.

"Injinia, ukipenda. Volti ya Kenya ni kali, bosi. Mashine ya Kimarekani ni laini. Imepata shoku."

"Lakini si kuna transfoma?" Mboni alisema kutoka kwenye sinki.

Shabir alifumbua jicho moja. "Mama mtoto, transfoma ni ya shoku ya nje. Mimi naongea habari ya shoku ya ndani."

Bwana Kemboi akaitikia kwa kichwa mara mbili. Hakuelewa hata neno moja, na mtu wa cheo chake akikosa kuelewa hana budi kukubali.

Jumatano, Shabir alitandaza magazeti sakafuni, akafungua ubavu wa mashine, akatoa skurubu na nati mpaka jiko likafanana na duka la Mhindi wa vyuma siku ya kuhesabu mali. Ndani palikuwa na mnyororo kama wa baiskeli. Aliugusa, akatikisa kichwa.

"Imekauka. Leta girisi."

"Girisi hatuna, fundi," Mboni alisema. "Hapa ni jikoni."

"Basi leta Kimbo."

"Kimbo ya kupikia?"

"Mafuta ni mafuta, dada. Chuma haijui kusoma leboli."

Akaupaka mnyororo Kimbo vidole vinne vinne, kama mtu anayesinga ndevu za babu yake. Alipofunga tena ubavu, skurubu mbili zilibaki kwenye gazeti. Mboni akazionyesha.

"Hizo ni za ziada," Shabir alisema bila kugeuka. "Wamarekani ni matajiri. Wanaweka za ziada."

Akabonyeza. Kimya. Akauelekeza mshale wa mita huku na huku, akaugonga kwa ukucha, akasema itabidi afikirie. Kisha akabandika mkanda wa karatasi kwenye droo kama askari anayefunga duka la mdaiwa. "Mtu asiguse. Mtu akigusa, mimi simo."

Alhamisi mchana, Mboni akitafuta kifungua chupa chini ya vijiko, alikuta kitabu cha mashine. Kilikuwa bado ndani ya nailoni yake, bikira kama siku kilipotoka kiwandani. Alikumbuka siku Bwana Kemboi alipokitupa humo. "Kitabu ni cha watu wasiojua," alisema. Naam. Basi Mboni, asiyejua, akaketi kwenye kigoda, akampa Kuluthum ziwa, akakifungua.

Kilikuwa Kiingereza, lakini si kile cha mashairi kilichomtoa jasho darasani. Kilikuwa Kiingereza cha mtu mwenye haraka. Maneno mawili tu yalimlazimu kuchukua kamusi kwenye mfuko wa nepi. Ukurasa wa kumi na moja ulikuwa na kichwa chake: Kabla ya kumwita fundi. Chini yake maswali manne. Je, plagi imeingia? Je, fyuzi ni nzima? Je, swichi imewashwa? Na la nne: Je, droo imefungwa mpaka mwisho? Kitabu kilieleza kwamba huko nyuma kuna swichi ndogo ambayo droo huibonyeza ikifunga kabisa. Isipoibonyeza, mashine inakataa kwenda, isije ikafinya mkono wa mtu. Mara nyingi, kitabu kiliendelea, kitu huanguka nyuma ya droo kikaizuia. Itoeni droo yote, msafishe.

Mboni aliinuka taratibu, ziwa likiwa bado kinywani mwa mtoto. Bila kugusa mkanda wa Shabir, alitia kidole kati ya uso wa droo na ukingo wa kabati. Upande wa kulia kidole hakikuingia. Upande wa kushoto kiliingia mpaka pingili ya kwanza.

Ijumaa, Shabir aliporudi na tai nyingine, Mboni alimngoja amalize kuisikiliza mashine.

"Fundi, samahani. Kitabu kinasema tuanze na nyuma ya droo."

"Kitabu gani?"

"Cha mashine yenyewe."

Shabir akacheka mpaka tai ikarukaruka. "Dada yangu, fundi akisoma kitabu, huyo si fundi, ni mwanafunzi. Mimi nimetengeneza friji za hoteli kabla wewe hujazaliwa."

"Una miaka mingapi, fundi?"

"Thelathini."

"Basi ulianza mapema," Mboni alisema.

Mtunza bustani, aliyekuwa dirishani, akapaliwa na mate. Lakini Madam hakucheka. "Evening class!" alifoka. "Mtu akijua kusoma alama za barabarani anataka kuendesha gari la serikali. Kaa kwa sufuria zako! Injinia, sema."

Injinia akasema. Mota imeungua. Itabidi ingojewe nyingine kutoka Chicago. Miezi mitatu, Mungu akipenda.

"Umesikia?" Madam alimgeukia Mboni. "Miezi mitatu. Basi na barua yako ingoje hiyo miezi mitatu."

Jumamosi asubuhi, Madam akiwa chumbani kichwa kimejaa vibiringo vya nywele, aliingia mlango wa nyuma mama yake mzazi, Wangare, kutoka Dundori, na gunia la viazi mgongoni. Mkongwe huyu aliukataa mlango wa mbele tangu siku aliyoambiwa avue viatu. Alimkuta Mboni akimenya, machozi yakidondokea bakulini.

"Kitunguu iko wapi?" mama mzee aliuliza.

"Hakuna kitunguu, cucu," Mboni alijibu, akimwita bibi kwa Kikuyu.

"Sasa unalilia viazi?"

Mboni akamwambia yote, mashine, kitabu na barua. Mzee alisikiliza akimchezesha Kuluthum kidole. Kisha akalisogelea kabati jeupe.

"Hii kitu inafanya nini?"

"Inafinya takataka, cucu."

"Ili zifanye nini?"

"Zitupwe."

"Na kabla ya hii, zilikuwa zinaenda wapi?"

"Zilikuwa zinatupwa. Zile chache."

Mzee aliigusa mashine kwa kidole hapa na pale, kama mtu anayehesabu watoto baada ya kuvuka mto. Kisha akaita kwa sauti ya shambani, ile ya kuvuka bonde, "Wangui! Wangui wee!"

Madam akatokea mbio. "Maitu, mama, tafadhali, majirani!"

"Huyu msichana anasema anajua ugonjwa wa mashine yako."

"Huyu? Huyu ni wa kuosha sufuria! Injinia mzima ameshindwa."

"Akiiponya?"

Madam akacheka kicheko chake cha Milimani, kile cha puani. "Akiiponya yeye, nitampa barua yake, na nitaipiga pasi!"

"Iandike kwanza."

"Maitu!"

"Andika. Mdomo wako naujua. Ulikuwa unaapa hujala sukari na iko hapa kwa midomo."

Na kwa sababu aliamini kabisa kwamba anaandika mzaha, Madam aliiandika vizuri, kwenye karatasi ya bwanake yenye anwani juu, siku tatu na tarehe zake, akatia sahihi yenye mkia mrefu. Akaitupa mezani. Mama yake akaichukua, akaiweka kwenye kiti, akaikalia.

"Haya," mzee alisema. "Tibu."

Mboni akachomoa plagi kwanza, kama kitabu kilivyosema. Akabandua mkanda wa Shabir. Akaivuta droo mpaka ikagota, akainua uso wake juu kidogo, nayo ikatoka yote, na mfuko wake ndani, ikatua sakafuni kwa kishindo. Akalala kifudifudi, akaingiza mkono kwenye giza la kabati mpaka begani. Aligusa kifuniko cha soda. Aligusa karatasi ya sukari iliyolowa. Kisha kule mwisho kabisa, upande wa kushoto, kimejikita kama kabari, aligusa kitu kikavu chenye vishimo vishimo.

Akalitoa. Gunzi la hindi.

Akaliweka mbele ya miguu ya Madam. Hakuna aliyesema lilikuwa la nani. Katika nyumba ile ni mtu mmoja tu aliyekula mahindi kwa kurusha.

Mboni akapangusa reli za droo kwa kitambaa, akairudisha, akaisukuma kwa viganja viwili. Safari hii ilifunga kwa mlio mdogo, na pande zote mbili kidole hakingeingia. Akarudisha plagi. Akabonyeza.

Mmarekani akakohoa, kisha akaguruma. Mzee alirukia nyuma ya meza akimtaja Ngai, Mungu wa kwao, barua mkononi. Kuluthum akapiga makofi.

Madam alirekebisha kibiringo kimoja cha nywele. "Ni ile Kimbo ya Injinia," alisema. "Imepenya. Wewe umemalizia tu."

"Sawa, Madam," Mboni alisema. Mzee akampa barua. Mboni akaikunja mara mbili, akaifunga kwenye nailoni ya kile kitabu cha mashine, akaitia ndani ya kreti, chini ya leso, na juu ya leso akamlaza mwanawe. Gunzi akalitia kwenye mfuko wa aproni. Hakujua kwa nini, labda kwa ukumbusho.

Kabla ya gari la saa saba la kurudi Dundori, mama mzee alikung'uta gunia lake la viazi akaanza kulijaza upya. Maganda, chupa, magazeti, mikebe, na mfuko mzima uliokuwa kwenye droo pamoja na yale magunzi mawili mengine. "Ng'ombe yangu haijaenda Amerika," alisema. "Haijui kwamba hii ni taka." Mboni akamsindikiza hadi langoni, akarudi kuweka mfuko mpya kwenye droo na kuendelea na sambusa.

Saa kumi wakubwa wakafika, tisa kwa idadi, matumbo yakiwatangulia. Shabir naye alikuja. Alikuwa amepata habari kwamba mashine imeamka, na alikuja kupokea pongezi akiwa na tai nyekundu. "Niliwaambia iachwe ifikirie," alimwambia kila aliyesimama. Baada ya sambusa, msafara ukaingia jikoni. Bwana Kemboi akatoa hotuba juu ya maendeleo. Alisema taifa lisilojua kutupa haliwezi kuendelea. Kisha, kwa mkono wa kulia, akaivuta droo.

Tupu. Safi kama sahani ya msikitini mwezi wa Ramadhani, saa sita mchana.

"Mboni," Madam alinong'ona kwa meno. "Taka!"

"Cucu amezichukua, Madam. Zote."

Mkubwa mmoja mnene, mwenye fimbo ya kutembelea, alikohoa. "Kemboi, tuko tayari. Tupa basi."

Bwana Kemboi akajipapasa mifuko. Akatoa leso ya hariri, akairudisha. Akatoa kalamu ya wino, akairudisha. Paka alipita, naye akatazamwa kidogo. Ndipo Mboni akatia mkono kwenye aproni, akalitoa lile gunzi, akampa kwa mikono miwili na goti kidogo, kama anayempa mkwe chai.

Bwana Kemboi alilijua. Watu wawili tu, Mboni na Madam, waliuona uso wake ulivyobadilika. Akaliweka kwenye droo, akafunga, akabonyeza. Mashine ikanguruma kwa nguvu zake zote, bamba likashuka, mnyororo ukapata moto, na jiko zima likajaa harufu nzuri ya chapati.

"Kumbe inapika pia?" aliuliza mwenye fimbo.

"Hiyo," Shabir alisema akinyoosha tai, "ni harufu ya teknolojia."

Bamba likapanda. Droo ikafunguliwa. Shingo tisa zikanyooka. Gunzi lilikuwa pale pale katikati ya mfuko, zima, halina hata mkwaruzo. Mboni hakushangaa. Ukurasa wa saba ulisema droo isipojaa hata theluthi moja, bamba halifiki kwenye taka. Lakini ukurasa wa saba haukuwa umeulizwa.

Mwenye fimbo akaliokota, akalitazama juu na chini. "Kemboi," alisema polepole, "hili limeishinda Amerika."

Kicheko kilichopasuka pale kilitoka jikoni kikaingia sebuleni, kikakaa kwenye viti vya ngozi, kikaagiza chai. Shabir alipotea kwa mlango wa nyuma, akasahau mkoba.

Madam alirudi jikoni peke yake. Nywele zilizobiringishwa tangu asubuhi zilikuwa zimeanza kunyooka kwa jasho.

"Nipe hiyo barua."

"Ipi, Madam?"

"Unaijua! Umeniaibisha mbele ya watu. Irudishe."

Mboni alipangusa mikono kwa aproni, taratibu, kidole kwa kidole. Miaka mitatu ilisimama naye pale. "Iko kwa kreti, Madam," alisema. "Chini ya Kuluthum."

"Mtoe."

"Amelala sasa hivi tu."

Madam akaisogelea kreti, akainama, akanyoosha mkono. Kuluthum alikuwa amelala chali, ngumi mbili zimekunjwa, mdomo ukitafuna ndoto. Nyumba nzima ilijua kilio cha mtoto yule akiamshwa kabla ya wakati wake. Mtunza bustani alidai kinafika mtaa wa Free Area. Sebuleni mtu alisema tena "limeishinda Amerika," na kicheko kikaanza upya. Mkono wa Madam ulibaki hewani. Mtoto akavuta pumzi, akakunja uso kidogo, akalegeza. Mkono ukarudi.

"Wangui!" Bwana Kemboi aliita kutoka sebuleni. "Wageni hawana sukari!"

Madam akasimama wima. "Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi uwe hapa," alisema, akachukua bakuli la sukari, akaenda.

Mboni akapiga magoti kando ya kreti. Aliingiza vidole viwili chini ya leso, polepole kuliko alivyoingiza mkono kwenye mashine, akaivuta barua. Nailoni ilikuwa imefunguka. Kona moja ya karatasi ilikuwa imelowa chepechepe. Aliikunjua dirishani, akaisoma yote mpaka chini.

Sahihi ilikuwa upande mkavu.